KATOGO BILA NYAMA: TULIYOJIFUNZA JIKONI KATIKA MIAKA KUMI

(Mazungumzo yaliyosomwa na kamati ya chakula mbele ya wanachama, wageni na majirani, Mabira, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

 

Risala ya kikundi mmekwisha kuisikia. Mweka hazina naye amesoma hesabu na makofi mmepiga. Sisi wa kamati ya chakula tumepewa nafasi hii kwa sababu tangu asubuhi kuna watu wanapita nyuma ya jiko kuchungulia, na wakirudi wanaulizana, "Mbona hatujaona ng'ombe? Hata mbuzi?" Basi tuseme wazi kabla hamjakaa kula. Leo hakuna nyama. Kuna katogo ya maharage na karanga, kuna pilau ya njegere na bilinganya, kuna sambusa, na waliofika mapema wamekunywa supu. Fedha ya ng'ombe ilikuwepo. Tulipiga kura, na kura yenyewe haikuwa rahisi. Tutawaeleza ilivyokuwa.

Mwaka wa nne wa kikundi kamati ya mikopo ilikaa kupitia daftari. Kila mkopo huandikwa na sababu yake: ada ya shule, mbegu, bati, matibabu, mtaji wa genge. Lakini kulikuwa na neno moja linalojirudia ukurasa baada ya ukurasa, nalo ni "wageni". Mkopo wa wageni. Tulipoambiana ukweli, wageni maana yake ilikuwa nyama. Wakwe wanakuja, au posa inaletwa, au mtoto amepata Kipaimara, basi mama anakimbilia kisanduku, funguo tatu zinafunguliwa, na kutoka hapo anakwenda bucha. Mkopo wa mbegu hurudi kwa kuwa mbegu huota. Nyama ikishaliwa imekwisha, riba ndiyo inayobaki.

Mwenzetu mmoja, jina hatulitaji na tunaomba msilibashiri, alikopa kwa ajili ya wakwe wa binti yake. Alinunua kilo kumi za nyama, mchele na kreti mbili za soda. Posa ilikwenda vizuri sana, kijiji kizima kilisifu. Kurudisha ndiko kulikomshinda. Kahawa mwaka ule ilimpa kidogo, na mtoto wake mdogo akaugua. Akaanza kuchelewa mkutanoni, akatozwa faini, halafu akaacha kuja kabisa.

Tulikwenda kwake jioni, watu watatu, kumwuliza. Tulimkuta jikoni anaunga maharage ya chakula cha usiku, na harufu yake ilikuwa nzuri, si mchezo. Hakujificha wala hakukasirika. Alituonyesha ile sufuria kwa mwiko, akasema, "Hebu niambieni. Wakwe wangefika hapa nikawatengea hiki, nyinyi mngenisemaje?"

Jamani, tulikosa jibu. Tulijua tungemsema. Tungemsema kisimani, tungemsema tukitoka kanisani, na pengine sisi watatu tuliokwenda kwake ndio tungekuwa wa kwanza.

Tulirudi na swali hilo kwenye mkutano, na palizuka ubishi. Bibi mmoja, mwanachama wa tangu siku ya kwanza, alisimama akasema mnataka kutuonyesha umaskini wetu hadharani. Mwingine akasema mumewe hatakubali. Mwingine akauliza kama tumekuwa Wasabato. Ndipo mama mmoja ambaye kwa kawaida hasemi akauliza, "Ile nyama tunayoikopea, ni nani anayeila?" Kimya kikatanda. Kila mmoja wetu anajua namna inavyogawiwa. Mgeni hupewa vipande vinono, baba wa nyumba anafuata, watoto wanapata mchuzi na mfupa. Mama aliyeweka saini kwenye daftari la mkopo anakula jikoni, na anakula maharage. Wazee wetu wanakumbuka zaidi ya hapo: mama zetu wengi walikuwa wamekatazwa hata kuku na mayai, kwa mila. Kwa hiyo chakula kisicho na nyama hatukufundishwa na mtu kutoka mbali. Ndicho chakula chetu cha siku zote. Lililokuwa geni ni kukitoa sebuleni.

Na heshima ya mgeni hapa kwetu haikuanzia bucha. Mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa ikakaushwa, na hiyo inatoka kibanjani kwako mwenyewe bila kukopa kwa mtu.

Uamuzi ulikuwa huu. Nyama hatukuikataza. Mwenye mbuzi wake achinje, mwenye fedha yake anunue, tukialikwa tutakula tena kwa furaha. Tulichofuta ni mkopo wa wageni. Na tukaahidiana kwamba kila mwanachama akipokea ugeni, wenzake watano watakwenda kumsaidia kupika chakula kizuri cha vitu vya shambani, na hakuna atakayemsema. Ahadi hii ya mwisho ndiyo iliyobeba mzigo. Mmoja akipika maharage kwa wakwe ataambiwa ni mchoyo au ameishiwa. Tulipofanya wote, ikawa ndiyo desturi ya kikundi.

Sasa tuje kwenye sufuria, maana akina mama wa vijiji jirani wametuomba tusiseme maneno matupu.

Kwanza tulijiuliza, mtu akitamani katogo ya utumbo au pilau ya nyama, hasa anatamani nini? Tulijaribu mara nyingi kabla ya kuelewa. Anatamani mafuta yaliyoingia ndani ya chakula. Anatamani kitunguu kilichokaangwa vizuri, chumvi iliyokolea, mchuzi mzito, na kitu cha kutafuna. Anatamani pia ile harufu ya moto. Maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi yakatolewa hivyo hivyo hayana mambo hayo, ndiyo sababu watu wanayaita chakula cha bweni. Lakini yote hayo unaweza kuyatia bila nyama, ukijua wakati wa kutia kila kitu.

Katogo ya watu 6 tunaipika hivi. Maharage makavu vikombe 2 vya chai, yachambuliwe na kulowekwa tangu jioni. Asubuhi maji hayo yamwagwe, uweke mapya, na uyabandike kwenye moto mkali. Yachemke kwa nguvu, kisha upunguze kuni, yaive kabisa mpaka ukibonyeza punje kwa vidole inapondeka yote bila kiini kigumu. Usimwage mchuzi wake, huo ndio supu yako. Wakati huo menya ndizi mbichi 20 hadi 25, iwe Entobe, Enchoncho au uliyo nayo, na uzitie kwenye maji zisiwe nyeusi. Paka mafuta mikononi kwanza, utomvu usikusumbue.

Kaanga vitunguu 2 katika vijiko 4 vikubwa vya mafuta mpaka vibadilike rangi, tia nyanya 4 na chumvi, ziive mpaka mafuta yajitenge juu. Hapa ndipo wengi wetu tulikuwa tunaharibu kwa haraka. Tunatia nyanya, tunatia maji, basi. Ngoja mafuta yajitenge. Ndipo utie maharage na mchuzi wake, upange ndizi juu, na kama una nyanya chungu uzipange pembeni. Funika kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha mfuniko. Moto uwe wa wastani. Usikoroge kwa mwiko, ndizi zitavurugika. Shika sufuria kwa matambara uitikise.

Ndizi zikiiva, chukua karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe 1, uzikoroge pembeni kwa maji ya moto mpaka ziwe kama uji mwepesi, umimine juu. Ukizitia kavu zinafanya madonge. Kuanzia hapo moto uwe mdogo sana, maana karanga hushika chini upesi, na katogo iliyoungua haina dawa. Dakika kumi, unaepua. Mwenye samli atie kijiko kimoja mwishoni. Sisi hatuna ugomvi na maziwa wala samli, wafugaji wetu wapo na tunawategemea.

Kuhusu karanga, neno moja zito. Zichambuliwe moja moja kwenye ungo, na yoyote yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu itupwe. Usimpe kuku, usiseme utaikaanga ukungu ufe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 kule mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafariki kwa mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo hushikwa vivyo hivyo zikihifadhiwa na unyevu.

Pilau ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Rangi ile ya kahawia mnayoipenda haitoki kwenye nyama, inatoka kwenye kitunguu. Vikate vyembamba vitunguu vinne vikubwa, uvikaange taratibu mpaka viwe rangi ya kahawa bila kuungua. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi, kisha bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu chache na pilipili manga. Bilinganya tunaikata vipande vikubwa, tunaitia chumvi, tunaikamua maji na kuikaanga peke yake kwanza mpaka ipate ngozi, ndipo inaingia pamoja na njegere na viazi. Mchele, maji ya moto, na yakikaribia kukauka unapalia makaa juu ya mfuniko. Baba mmoja hapa, naye yupo anacheka, alimaliza sahani mbili halafu akauliza nyama imeishia wapi.

Supu ya asubuhi ya siku ya gulio ilitushinda muda mrefu. Mtu aliyezoea supu ya mbuzi huwezi kumdanganya kwa maji ya maharage. Kilichotusaidia ni moto. Tunachoma nyanya, kitunguu kizima na bilinganya juu ya makaa mpaka maganda yawe meusi, tunamenya, tunaponda, tunatia kwenye mchuzi wa maharage pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, inachemka vizuri, na limau linakamuliwa wakati wa kunywa. Ule moshi ndio unaomfanya mtu afumbe macho. Uyoga pia ni mzuri sana hapo, lakini uyoga wa porini ni ule tu ambao bibi zetu wanaujua bila kusita. Akisita, mwaga.

Sambusa hatuna haja ya kuzieleza sana, ni viazi, njegere, karoti na bizari. Tuseme tu kwamba sambusa, kachori, bajia na chapati vilifika kwetu na Wahindi, na wengi wa watu wa Gujarat waliofungua maduka Afrika Mashariki hawali nyama kabisa kwa imani yao. Kwao kachori ya dengu ni chakula cha sherehe. Na Waethiopia, majirani wa kaskazini, waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Siku hizo hula shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu au njegere, juu ya injera, watu wote wakizunguka sinia moja. Hakuna anayewaita maskini kwa hilo.

Tusije tukajisifu bila kusema tulipoanguka. Ugeni wa pili tuliousimamia tulichelewa. Mvua ilinyesha, kuni zilikuwa mbichi, maharage hatukuyaloweka, na yalikuwa yale mekundu makubwa. Wageni wakafika. Tukaona aibu kuwakalisha, tukapakua maharage ambayo nje yalikuwa laini na ndani bado magumu. Kabla ya jioni watu kadhaa walikuwa wanatapika na kuharisha, wakiwemo watoto wawili, na mmoja tulimbeba usiku kwa pikipiki kwenda kutibiwa. Wote walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini kijijini ilisemwa kwamba kikundi kimewalisha watu sumu, na wanachama wanne waliomba kujitoa mwezi ule.

Waliosema hivyo hawakukosea sana. Baadaye tulielezwa kwamba maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayovunjwa na kuchemka kwa nguvu. Kuyaacha yakivukiza kwenye moto hafifu hakutoshi, na yaliyoiva nusu yanaweza kudhuru. Tangu siku ile tuna sheria mbili. Ya kwanza, maharage ya ugeni hulowekwa usiku, yanachemka kwa nguvu walau dakika kumi mwanzoni, na yanaendelea mpaka yaive kabisa. Ya pili, wapishi wanakula kwanza. Kama wageni wamefika na maharage hayajaiva, watasubiri. Watapewa kahawa ya kutafuna na hadithi. Kuona aibu kwa saa moja hakujaua mtu.

Magadi tunayatumia kidogo tu au tunayaacha. Yanalainisha upesi, ni kweli, lakini yanapunguza baadhi ya vitamini na ladha inakuwa ya sabuni. Kuloweka kunatosha, na kunaokoa kuni.

Mtaalamu wa lishe aliyetutembelea alituongezea mambo ambayo sasa tunayarudia kwa kila mwanachama mpya. Maharage yana madini ya chuma, lakini mwili unayachukua kwa shida kuliko yale ya nyama. Limau, nyanya mbichi, chungwa au papai pamoja na chakula husaidia. Chai na kahawa papo hapo huzuia, kwa hiyo subiri saa moja hivi baada ya kula. Tunajua kwamba kumwambia mtu wa Kyerwa asubiri kahawa ni jambo gumu, lakini tumesema. Mboga za majani ziwepo kila siku: mnavu, mchicha, kisamvu, majani ya maboga. Mama mjamzito asitegemee sufuria peke yake. Aende kliniki na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa. Na mtoto mdogo apate maziwa au yai au dagaa mara kwa mara, kwa kuwa ipo vitamini moja, B12, ambayo maharage, karanga na mboga hazina. Hatupendi mtu atoke hapa akasema kikundi kimewakataza watoto maziwa.

Faida tuliyoiona ni hii. Kwa bei ya gulio letu, fedha ya kilo moja ya nyama inanunua kilo tatu za maharage na chumvi inabaki, na wengi wetu hata hatununui, maharage yako katikati ya migomba. Neno "wageni" halimo tena kwenye daftari la mikopo. Mwenye bucha alitulalamikia kwa utani mwanzoni, sasa binti yake ni mwanachama. Ndizi ndizo zinazotutia hofu zaidi. Tangu mnyauko uingie Kagera mwaka 2006 kila mmoja hapa ameng'oa migomba akilia. Aina zilizoletwa na mradi wa KCDP miaka ya mwisho ya 1990, zile za FHIA, zilitusaidia dhidi ya magonjwa mengine, ingawa wazee bado wanasema katogo yake si yenyewe. Kwa mnyauko hazina kinga, kwa hiyo panga ipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina lingine. Bila ndizi hatuna cha kuwapikia nyama wala maharage.

Yule mwenzetu tuliyemtaja mwanzo, deni lake halikufutwa, kwa kuwa fedha ilikuwa ya wote. Mkutano ulikubali alipe kwa maharage, debe kwa debe, kila mavuno. Alimaliza baada ya misimu mitatu. Tulimwomba arudi akakataa kwa upole, akasema amezoea kukaa nje. Tulikosea kumtoza faini za kuchelewa wakati tunajua mtoto anaumwa, na hilo tulimwambia. Mwaka huu maharage ya sherehe tumenunua kwake, kwa bei ya gulio, fedha taslimu. Kadi ya mwaliko tulimpelekea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaona moshi umepungua. Maharage yalilowekwa jana saa kumi na mbili jioni, yameanza kuchemka alfajiri, na sisi wapishi tumekwisha kula. Wazee na wageni watangulie, watoto wafuate nyuma yao, maji ya kunawa yako pale chini ya mwembe. Pilau iko sufuria ya kushoto. Karibuni chakula.